Taulo la Dirishani Lilipopepesa Macho

Wenzangu, leo nimejianika. Sijaanikwa na mtu. Nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, kwa rimoti niliyoshika kwa mkono wangu, mbele ya mama yangu, dada yangu, shemeji yangu na pasta. Saa hizi naandika nikiwa kwenye zizi la ng'ombe. (Huku ndiko mtandao unashika vizuri, si ati naogopa kuingia nyumbani.) (Naogopa kuingia nyumbani.)

Wanaonijua wanajua nina kiduka Makindu. Nauza soketi, balbu, redio na waya. Kwa hivyo nikifika kwetu Kasikeu, mimi ndiye profesa wa kila kitu chenye plagi. Friji ikinguruma vibaya, naitwa. Simu ya jirani ikikataa kuwaka, naitwa. Na mimi napenda kuitwa, sitawaficha.

Sasa, Mama alikuwa na ombi moja tangu Baba atuache, na huu ni mwaka wa nne. Baba hakuwa mtu wa picha. Ile ya kitambulisho anaonekana kama amefumaniwa akiiba kuku. Picha pekee ambayo anatembea na kuongea ni diski ya ntheo ya dada yangu Mwende, miaka kumi na minne iliyopita, siku watu wa mume wake walipoleta mbuzi kwetu, mmoja akachinjwa, na ndoa ikatambulika. Diski yenyewe ni ya zamani. Ukiicheza kwenye TV kubwa, ni kama mtu amemwaga uji kwenye skrini. Uso wa Baba ulikuwa doa la kahawia lililovaa kofia.

Mama si mtu wa maneno mengi. Lakini Krismasi aliniambia, "Kyalo, mimi nataka kuona macho ya baba yako. Mara moja tu. Kuna kitu nataka kumuuliza."

Nilijua ni kitu gani. Kasikeu nzima inajua.

Nyama ya ntheo haigawanywi ovyo. Siku ile kulikuwa na fungu la wazee wa upande wa pili, na fungu kama hilo mwenye boma haligusi hata kama anaona nyota kwa njaa. Lilikuwa paja zima lililochomwa, likawekwa kwenye sinia ndani ya stoo. Shangazi alipoenda kulichukua, alikuta mfupa. Mfupa tu! Wazee wa wageni wakaanza kutafuta kofia zao waende zao. Ndipo Baba akasimama na kusema, "Ni mimi nimekula. Njaa ilinizidi."

Alitozwa mbuzi mwingine papo hapo, watu wakacheka, ndoa ikaendelea. Kwa Mama haikuisha. Mwanamume akisema mbele ya wakwe kwamba njaa ilimzidi nyumbani kwake, anayeaibika ni nani? Ni mke. Miaka na miaka wanawake wa kanisa walikuwa wakimuuliza, eti siku hizi mzee anakula? Baba akaitwa Mzee wa Paja mpaka akazikwa. Na kila Mama alipomuuliza kwa nini alimfanyia hivyo, Baba alicheka kidogo, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe wake.

(Mimi siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa Mukuyuni kwa Susu, nyanya yetu, nikiugua tetekuwanga, nimetengwa nisije nikaambukiza wageni. Hivyo ndivyo inavyojulikana.)

Basi juzi nikaletewa deki mpya dukani. Si hizi za kubahatisha. Hii imetengenezewa diski mpya za picha kali, lakini ukiilisha diski ya zamani, inaichukua picha ile ndogo na kuikuza mpaka ijae TV. Inaangalia kila kidoti na jirani yake, inajaza mapengo katikati, inanyoosha kingo. Nilijaribu na sinema moja ya zamani ya mapigano, ile ambayo tulikuwa tunaona vivuli vikipigana na vivuli. Jamani! Niliona mishono ya suruali ya jambazi. Niliona jambazi alikuwa amevaa saa, na saa yenyewe ilikuwa imesimama. Nikafunga duka mapema, nikasema Jumapili Mama ataona macho.

Na leo ndiyo Jumapili.

Tumetoka kanisani, tumekula. Mwende alikuwa amekuja na mume wake, Musembi, ambaye ni mwalimu wa sayansi. Musembi ni mtu wa nthoni, ile heshima ya mkwe. Tangu amwoe Mwende hajawahi kumtazama Mama usoni. Hukaa kiti cha karibu na mlango, na akitaka chumvi iliyo mbele ya Mama, humwambia Mwende, Mwende akamwambia Mama. Chumvi inafika chakula kimepoa.

Nikafunga mapazia. Jua lilikuwa linapenya, nikaongeza leso mbili. Sebule ikawa na giza lile la mchana, la kijani, joto, nzi mmoja tu anazunguka. Nikaunganisha deki. Kabla ya kubonyeza, nikasimama mbele ya TV nikatoa hotuba, kwa sababu mimi ni mjinga.

"Hii mashine haidanganyi," nikasema. "Haiongezi mtu wala kitu ambacho hakikuwepo. Inatoa tu kile kilichokuwa kimejificha."

(Kumbukeni hayo maneno. Mimi nitayakumbuka mpaka niingie shimoni.)

Nikabonyeza. Mlio wa ule muziki wa harusi, halafu boma letu. Wenzangu, hata mimi nilishtuka. Lile boma lililokuwa uji sasa lilikuwa na majani ya mwarobaini, moja moja. Kamba ya mbuzi ilionekana ni ya katani. Wageni wanaingia, wengi wao sasa wako chini ya udongo, na kila mmoja anapita akitutazama machoni kana kwamba amesikia tumefungua mlango. Mwende akasema polepole, "Huyu si alikufa? Na huyu? Na huyu?" 

Halafu Baba.

Alikuja mpaka karibu na kamera, akavua kofia, akasalimia. Mistari ya paji la uso. Jino lile lililovunjika. Macho. Mama aliinuka kitini, akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Na mimi sikuona." Akarudi akaketi, mikono mapajani. Nilijiona mtoto bora Makueni yote.

Ningezima hapo. Kwa nini sikuzima hapo?

Picha ikaendelea. Wazee wameketi. Baba amesimama anaongea, na nyuma yake, upande wa kushoto, ni stoo yetu na kile kidirisha chake kisicho na kioo. Kwenye kidirisha kuna kitu cheupe. Hicho tunakijua. Tumeiona diski hii mara mia, na siku zote tulisema ni taulo. Mama hata alikuwa akilaumu, "Nani alianika taulo stoo siku ya wageni?"

Mwende akainama mbele. "Hilo taulo lina nini?"

"Taulo gani?" nikasema.

"Hilo. Mbona lina matundu?"

Tukatazama. Cheupe, ndiyo. Lakini si cheupe cha kitambaa. Ni cheupe cha chokaa, chenye mabaka, kama ukuta uliobanduka. Katikati kulikuwa na matundu mawili meusi. Chini ya matundu, tundu la tatu. Baba anaongea, wazee wanatikisa vichwa, mbuzi analia, na kile kitu kimetulia pale gizani nyuma ya bega lake.

Kisha taulo likapepesa macho.

Mwende alipiga ukemi nikadhani paa limeondoka. Musembi, mwalimu wa sayansi, aliruka kutoka kiti cha mlangoni, na badala ya kukimbilia nje akakimbilia ndani, na sijui alipitaje juu ya meza, lakini tulipotulia alikuwa nyuma ya kiti cha Mama, amemshika mabega kwa mikono yote miwili. Mkwe! Mabega ya mama mkwe! Alipogundua alichoshika aliachilia kama ameshika jiko la moto.

Mama hata hakusikia. "Rudisha," aliniambia.

"Mwaitu, mama yangu, tuachane na..."

"Kyalo. Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii niliendesha polepole, kijinga tu, mkono ulikuwa unafanya kazi bila mimi. Ile sura ikatoka gizani tena. Nyeupe. Mashavu yana madoa. Macho yamezama. Halafu lile tundu la chini likaanza kwenda juu na chini, juu na chini, bila sauti, likijivuta upande mmoja. Sebuleni nzi alikuwa amenyamaza. Nje upepo ulishika leso, ikavimba ndani, ikarudi.

"Inatafuna," Mama akasema.

Akasogea tena mpaka karibu na skrini.

"Inatafuna nini?" Mama akasema.

Na hapo, wenzangu, miguu yangu ikawa baridi kuanzia vidoleni. Si kwa sababu ya mzimu. Ni kwa sababu nilimtambua.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Uso mzima tetekuwanga, na Susu alikuwa amenipaka ile dawa ya maji ambayo ikikauka inakuwa nyeupe pe, mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimelala Mukuyuni nikisikia kwa akili yangu harufu ya mbuzi anayechomwa Kasikeu. Nikavumilia mpaka saa nne. Susu alipoingia shambani, nikadandia lori la mchanga. (Dereva aliponiona kwenye kioo aliomba kwa sauti njia nzima. Sikumlaumu.) Nikapitia nyuma ya zizi, nikaingia stoo. Nilitaka kipande kimoja, naapa. Lakini paja ukishalianza linakuangalia. Jioni nilikuwa nimerudi Mukuyuni na tumbo kama ngoma.

Baadaye nilisikia Baba amekiri. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia labda Baba naye alikuwa ameonja kabla yangu, dhamiri ikamsumbua. Miaka kumi na minne nimelala vizuri juu ya hilo godoro.

Basi nikajaribu kujiokoa. "Jamani, tulieni," nikasema, "haya ni makosa ya mashine. Inabuni! Ikikosa vidoti inajaza chochote. Iliona taulo ikatengeneza uso."

Musembi alikuwa amerudi kwake mlangoni, anatazama sakafu kwa haya. Lakini sayansi ni sayansi. "Mwende," akasema, "mwambie shemeji kwamba alisema haiongezi kitu ambacho hakikuwepo."

"Kyalo, amesema ulisema..."

"Nimesikia!"

"Na mwambie," Musembi akaendelea, "mashine inaweza kukosea ukingo wa jani. Haiwezi kubuni mtu akitafuna kwa dakika nne."

Walimu ni watu wabaya sana.

Nikasema basi tupige ile deki ya zamani, tulinganishe. Nikaivuta chini ya kabati, nikachomeka zile nyaya tatu za rangi. Nikawaonyesha: taulo. Taulo safi. Nikaanza kutabasamu. Mama akasema, "Sasa rudisha mpya." Uso. Zamani, taulo. Mpya, uso. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sasa walikuwa wanajua kwamba mara mia zote tulizokaa hapa na chai na mandazi tukicheka kofia ya Baba, yule alikuwa pale akitutazama.

"Endelea mbele," Mama akasema.

Nikaendelea. Shangazi anaingia stoo kuchukua sinia. (Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mbaazi, magoti masikioni.) Dirisha tupu. Shangazi anatoka akipiga kelele. Wazee wanasimama, kofia zinatafutwa. Na katikati ya zile kelele, polepole, sura ikapanda tena dirishani. Kwanza paji la uso. Kisha macho. (Nilitaka tu kuona kinachoendelea! Ningejuaje kamera iko ubavuni?)

Hapo ndipo Baba anapogeuka. Kwenye picha ya zamani tulikuwa tunaona doa linazunguka. Mama siku zote alisema, "Alinipa kisogo. Nilikuwa upande wa kulia, hakuweza kunitazama." Leo tuliona. Baba hakuwa anamkwepa mtu. Alikuwa anatazama dirisha. Aliitazama ile sura nyeupe, nayo ikamtazama. Na mkono wake wa kushoto, chini kabisa, kando ya paja, mahali ambapo wazee hawangeweza kuuona, ukafunguka. Kiganja kikatazama chini. Kikabonyeza hewa. Mara moja. Mara mbili.

Sura ikazama gizani.

Halafu Baba akawageukia wazee na kusema, "Ni mimi nimekula."

Sikuwahi kujua. Naapa kwa yote. Nilimwona anageuka, nikachuchumaa, nikaamini nimewahi. Ule mkono sikuwahi kuuona. Nilitaka kukaa chini, lakini nilikuwa tayari nimekaa.

Lakini Mama aliona kitu kingine. Nilimsikia anavuta pumzi ndefu. "Alikuwa anaiamrisha," akasema.

"Mwaitu?"

"Baba yenu. Amebonyeza mkono, ikatii. Ngai! Alikuwa na kamuti."

Mwende akaweka mikono mdomoni. Nyinyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine: kamuti ni kile kitu ambacho watu husema mtu hukifuga kwa siri, kikamletea mali, na yeye anakilisha. Na hakilishwi sukuma wiki.

"Ndiyo maana paja lilienda," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ndiyo maana nikimuuliza anacheka. Ndiyo maana ng'ombe wetu hawakufa ule ukame. Nimelala na mtu miaka thelathini na moja, na analisha kitu stoo yangu, karibu na mbaazi zangu."

Alisimama, akaenda ukutani, akaishusha picha ya Baba, ile iliyokuzwa kutoka kwa kitambulisho. Akaigeuza ikatazama ukuta. Nilipaswa kusema hapo. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Nani anataka chai?"

Aliyetaka chai hakuwepo. Mama akampigia pasta.

Pasta alikuwa hata hajavua suti ya ibada. Akaingia, akaonyeshwa. Akaonyeshwa tena. Alivua miwani, akaipangusa, akavaa, akaonyeshwa mara ya tatu. Ni mtu mzuri, lakini jasho lilikuwa linamshuka. "Hii picha kali hivi mmetoa wapi?" akauliza. Wote wakaninyooshea kidole. "Mungu amekutumia, kijana wangu," akaniambia. "Amefunua."

Akasema kwanza aione stoo. Tukatoka nje kwa mstari, jua linachoma, vivuli vyetu vifupi chini ya miguu. Stoo iko vilevile, kidirisha kilekile. Tulipofika hatua kumi tukasimama wote bila kuambiwa, kwa sababu mle dirishani, ndani gizani, kulikuwa na kitu cheupe.

"Bado iko," Mwende akanong'ona.

Mimi mwenyewe, ambaye nilijua ile sura ni ya nani, ambaye nilikuwa nimesimama pale na ile sura kichwani mwangu, nywele zilisimama. Pasta akainua Biblia, akaanza kukemea, akasukuma mlango kwa mguu. Kile cheupe kikapiga kelele, kikaruka kupitia juu ya kichwa chake, kikamwangushia miwani. Alikuwa kuku wa Mama anayeatamia. Pasta alikuwa tayari ameshafika kwenye lango. Alirudi akitembea polepole kama mtu aliyekuwa ameenda kuangalia gari lake.

Kuku hakumtuliza mtu. Pasta akatoa hukumu: stoo itaombewa, ibomolewe. Na ile diski ichomwe. "Si vizuri kukaa na sura kama hiyo nyumbani," akasema. "Inaingilia macho."

"Chomeni," Mama akasema. "Sitaki kumwona tena."

Mwende akaleta diski. Jikoni kulikuwa na moto kwenye mafiga, sufuria ya maharagwe juu. Pasta akaishika kwa ncha za vidole, Mama akaondoa sufuria. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama ile diski inavyong'aa rangi rangi juu ya moto, Baba mzima yumo mle ndani, macho, jino, mkono ule. Hakuna nakala. (Profesa wa plagi! Miaka yote hiyo, hakuna nakala!)

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Pasta alikuwa anaomba kwa sauti.

"NI MIMI! Ni mimi nilikula paja!"

Pasta akafungua jicho moja. Mama akageuka, bado ameshika sufuria kwa kitambaa.

"Wewe ulikuwa Mukuyuni," akasema.

"Nilikuja na lori la mchanga."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nilikuwa nimepakwa dawa. Ile nyeupe. Mwaitu, hiyo si kamuti. Hiyo ni tetekuwanga."

Maharagwe yalikuwa bado yanatokota kwenye sufuria mkononi mwake.

Hawakuamini! Hilo ndilo liliniumiza. Dada yangu mwenyewe alisema, "Kyalo, usijitoe mhanga kwa sababu ya Baba." Ikabidi turudi sebuleni. Ikabidi pasta asimamishe picha pale sura iko wazi kabisa, na mimi nisimame kando ya TV, shavu kwa shavu na mzimu. Mwende akaenda kuleta unga wa ngano. Ndiyo. Nilipakwa unga. Mimi, mtu mzima mwenye duka Makindu. Kisha Musembi, kupitia kwa Mwende, akasema kwa ajili ya ushahidi ningepaswa pia kutafuna.

Nilipewa kiazi. Nikatafuna.

Nikasikia pasta anatoa sauti kama birika. Mwende alikuwa sakafuni. Musembi aliegemea ukuta, akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Lakini Mama hakuwa ananitazama mimi. Alichukua rimoti mkononi mwangu, na sijui alijifunza lini kuitumia, akaisogeza picha mbele mpaka pale Baba amegeuka, mkono chini. Akaisimamisha. Picha ilikuwa kali hivi kwamba unaona kwenye kona ya jicho lake mkunjo mdogo, ule wa mtu anayezuia kicheko.

Alikaa akiitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa ameshiba," Mama akasema.

Ni hivyo tu. Alikuwa ameshiba. Miaka kumi na minne alidhani alimnyima mume wake chakula mpaka akawaibia wakwe. Ndipo akalia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Na mimi, na unga wangu usoni, na kiazi mdomoni, nikakumbuka kitu. Wiki moja baada ya ntheo, Baba alikuja Mukuyuni kunijulia hali. Aliketi kando ya kitanda. Aliniuliza kama homa imeshuka. Halafu akaniuliza, "Na ulishiba?" Nilidhani anauliza chakula cha Susu. Nikamwambia, nilishiba sana. Akacheka peke yake mpaka akashika mbavu, akavaa kofia, akaenda zake.

Mama akapangusa macho kwa leso, akaenda ukutani, akaigeuza picha ya Baba ikatutazama. Kisha akanigeukia mimi. Uso ukabadilika.

"Wewe," akasema. "Unadaiwa mbuzi."

Musembi, kwa mara ya kwanza maishani, akaongea na mama mkwe moja kwa moja. "Mama," akasema, "na mbuzi wangu wa faini ya kukushika mabega?"

"Kyalo atalipa wote wawili," Mama akasema. "Yeye ndiye alileta deki."

Jumamosi wazee wa kina Musembi wanakuja kupokea. Mama ameita shangazi, jirani, na wale wanawake wa kanisa waliokuwa wakiuliza kama mzee anakula. Wataonyeshwa diski. Amesema niilete ile TV kubwa ya dukani, maana hii ya hapa kwake ni ndogo, haionyeshi vizuri ninavyotafuna.

Naomba asicheke mtu. Na kama nyumbani kwenu kuna diski ya zamani na unafikiria kuinunulia deki mpya, kwanza keti chini, tulia, ukumbuke siku hiyo ulikuwa wapi na ulikuwa unakula nini.